Kipya Kinyemi, Lakini kwa Nani?

Kila anayekuja na kitu kipya huwa na maelezo tayari kuhusu wanaokikataa: hawajaelewa. Ni wagumu, ni waoga, elimu haijawafikia, wape muda watakuja wenyewe. Maelezo haya yanamfaa sana anayeyatoa, maana yanamwondolea mzigo wa kujiuliza kama kitu chenyewe kina kasoro. Na yana ukweli kiasi chake. Wapo wanaokataa jambo kwa kutolijua. Lakini ukifuatilia visa ambavyo watafiti waliingia vijijini, wodini na viwandani wakauliza mtu mmoja mmoja, mambo hayakai hivyo. Mara nyingi aliyekataa amepiga hesabu zake vizuri tu, ila ndani yake kuna gharama ambazo mvumbuzi hakuziona kwa sababu si yeye anayezilipa.

Kisa cha Los Molinos, kijiji kimoja cha Peru, kimekuwa kikisimuliwa na wataalamu wa afya na maendeleo tangu miaka ya 1950. Kilikuwa na familia kama 200, maji yake hayakuwa salama, na dawa ilikuwa rahisi: chemsha kabla ya kunywa. Mhudumu wa afya alipita nyumba kwa nyumba kwa miaka 2 akielimisha, na daktari akaja kutoa mihadhara. Mwisho wa yote, waliobadilika kwa juhudi hizo walikuwa familia 11.

Walipohojiwa, sababu zikajitokeza. Watu wa pale waligawa vyakula na vinywaji katika vya "moto" na vya "baridi", mgawanyo usiohusiana na joto la kawaida, na mgonjwa alitakiwa kuepuka vya baridi kupindukia. Maji mabichi yalihesabiwa baridi. Kuyachemsha kuliyaondolea ubaridi huo. Kwa hiyo maji yaliyochemshwa yalikuwa ya wagonjwa, na mtu mzima wa afya alikua akijifunza kuyachukia. Mama mmoja alikuwa akiyachemsha hata kabla ya kampeni, kwa sababu alikuwa mgonjwa na kila mtu alijua hivyo. Mwingine alikubali somo la vijidudu, lakini alikuwa mhamiaji ambaye kijiji hakijampokea sawasawa, basi hakuwa na heshima ya kupoteza. Wa tatu alikataa katakata, na hoja zake si za kupuuzwa: vijidudu vidogo kiasi cha kutoonekana vitamdhuruje mtu mzima, na visizame vipi humo majini? Yeye alikuwa na vitisho vya kweli vya kushughulika navyo, umaskini na njaa.

Mhudumu alikuja na hoja moja, ya ugonjwa. Wanakijiji walikuwa na maswali mengine: nani ana muda wa kukaa jikoni, kuni zitatoka wapi, majirani watasemaje wakiniona nakunywa maji ya mgonjwa. Bila kuyajibu hayo, mihadhara ya daktari ilikuwa inapita juu ya vichwa vya watu.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa, na wanasaikolojia wamelipima. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Baadaye, mwaka 1990, Kahneman na wenzake Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo wanafunzi kadhaa waligawiwa vikombe vya kawaida kabisa, kisha wakaruhusiwa kuwauzia wenzao ambao hawakupewa. Waliopewa walitaka bei ambayo ni takribani mara 2 ya ile wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile, wamekuwa nacho kwa dakika chache tu, lakini tayari kimeshakuwa "changu", na kukiachia ni kupoteza.

Sasa badala ya kikombe weka namna ya kulima, au programu ambayo karani ameizoea kwa miaka 10. Mazoea yana taabu, wahenga walishasema. John Gourville wa Harvard alikadiria kwamba mtumiaji hukuza thamani ya alicho nacho kama mara 3, na mvumbuzi naye, kwa kuwa ameishi na kitu chake kipya hadi kimekuwa sehemu ya maisha yake, hukuza thamani ya hicho kipya mara 3. Baina yao kuna tofauti ya mara 9. Tarakimu hizo ni makadirio, nisingezishikia bango. Ila zinaeleza kwa nini mikutano mingi ya kutambulisha mfumo mpya kazini huisha pande zote mbili zikidhani upande wa pili una kichaa.

Sifa za kitu chenyewe nazo zina uzito, na hapa mkulima ni mwalimu mzuri. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao kuhusu mahindi chotara katika jamii mbili za jimbo la Iowa, Marekani. Waliwahoji wakulima 259. Kati ya 1928 na 1941, wote isipokuwa 2 walikuwa wameanza kupanda mbegu hizo, ambazo zilizaa zaidi na kuvumilia ukame. Miaka 13 kwa mbegu ambayo ubora wake unaonekana shambani? Ndiyo, na sababu zipo. Mbegu chotara haifai kuwekwa akiba kwa ajili ya msimu ujao. Lazima uinunue kila mwaka. Mkulima aliyekuwa akichagua masuke bora kwa jicho lake mwenyewe na kuyahifadhi sasa anakuwa mteja wa kudumu wa kampuni. Tena sehemu ya miaka hiyo ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi.

Wengi walisikia habari za mbegu hizo kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini hawakushawishika kwa maneno ya muuzaji. Walishawishiwa na majirani. Na hata waliokubali hawakulima shamba zima mara moja. Walitenga kipande kidogo, wakaona, mwaka uliofuata wakaongeza. Everett Rogers, ambaye baadaye alikusanya tafiti za namna hii na kuwa jina kubwa katika taaluma inayochunguza jinsi mambo mapya yanavyoenea, alizaliwa katika shamba huko Iowa. Baba yake alipenda mitambo mipya ya shambani, lakini mbegu chotara aliikataa kwa miaka. Mwaka 1936 ukame ukaja. Mahindi yake yakanyauka huku ya jirani yakiwa yamesimama. Ndipo alipokubali.

Kutokana na tafiti hizo Rogers alitaja mambo ambayo mtu huyapima, awe anajua au hajui: kama kipya kinazidi cha zamani, kama kinaoana na maisha na imani zake, kama ni rahisi kukielewa, kama anaweza kukijaribu kidogokidogo, na kama matokeo yanaonekana kwa macho. Mimi naona la kujaribu kidogokidogo ndilo linalodharauliwa zaidi. Mtu anayejua kwamba akishindwa atarudi alikotoka huthubutu mengi. Aliyeambiwa kwamba kuanzia Jumatatu mfumo wa zamani unazimwa atatafuta kila kisingizio, na si ajabu.

Lakini orodha hiyo ina shimo. Kuna nyakati kitu kinatimiza karibu kila sharti, ni rahisi, hakina gharama, matokeo yanahesabika, na bado kinakataliwa na watu wenye elimu ya juu kabisa. Ndivyo ilivyokuwa Vienna, Austria, mwaka 1847.

Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Katika ile ya madaktari, wanawake walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko ya wakunga, na habari zilikuwa zimeshaenea mjini hata wajawazito waliomba kwa machozi wasipangiwe huko. Ignaz Semmelweis, daktari kijana, alihangaika na kitendawili hicho hadi rafiki yake Jakob Kolletschka alipochomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa kwa dalili zilezile. Madaktari walikuwa wakitoka chumba cha maiti kwenda moja kwa moja kuzalisha. Wakunga hawakupasua maiti. Semmelweis akaamuru kila anayeingia wodini anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikufa zaidi ya wanawake 18 katika kila 100. Juni, chini ya 3.

Ungetarajia Ulaya nzima ya kitabibu ikimbilie beseni. Haikukimbilia. Semmelweis mwenyewe alichangia: alichelewa kuandika kwa kirefu hadi 1861, hakuwa na nadharia ya kueleza kilichokuwa kikiua, maana kazi za Louis Pasteur kuhusu vijidudu zilikuja baadaye, na hasira zake zilimfanya awaandikie wapinzani barua za wazi akiwaita wauaji. Lakini tazama alichokuwa akiwadai. Daktari akinawa, amekiri. Amekubali kwamba wale wanawake wote wa mwaka jana, na mwaka juzi, walikufa kwa mikono yake. Gustav Michaelis, profesa wa uzazi huko Kiel, aliamini mapema na akaanzisha unawaji hospitalini kwake. Uchungu wa kujua kwamba pengine alikuwa amewaua wengi, akiwemo ndugu yake wa karibu, ulimwelemea hadi akajiua mwaka 1848. Wenzake walioendelea kubisha walikuwa wanakinga kitu kikubwa kuliko ujinga. Semmelweis alifia katika hifadhi ya wagonjwa wa akili mwaka 1865.

Ndiyo maana mbinu ya kumwaga takwimu haifiki mbali pale ambapo kukubali kipya ni kujishtaki. Mwalimu anayeambiwa kwamba njia aliyofundishia miaka 20 haifai anasikia habari ya ile miaka 20 kabla ya kusikia habari ya njia mpya.

Hadi hapa nimezungumzia heshima, mazoea na hofu. Kuna hasara nyingine isiyohitaji mwanasaikolojia: mkate.

Mwaka 1811, wafumaji wa soksi katika eneo la Nottingham, Uingereza, walianza kuvunja mashine usiku, wakijitambulisha kwa jina la kiongozi wa kubuni, Ned Ludd. Historia ya haraka inawaweka kama maadui wa maendeleo. Mashine ya kufuma soksi ilikuwa imevumbuliwa na William Lee mwaka 1589, zaidi ya miaka 200 kabla. Hawa walikuwa mafundi wa mashine hiyohiyo. Ndiyo iliyowalisha, na baba zao kabla yao. Kilichowauma ni namna waajiri fulani walivyoanza kuitumia: kufuma vitambaa vipana, kuvikata na kuvishona viwe soksi hafifu zinazofumuka mapema, kuajiri watu ambao hawakupita uanagenzi, na kushusha ujira. Uvunjaji wao ulikuwa wa kuchagua. Mashine za mwajiri aliyelipa bei ya zamani ziliachwa. Za aliyeshusha zilipondwa. Barua zao ziliorodhesha madai kama chama cha wafanyakazi kingefanya leo, isipokuwa vyama vya wafanyakazi vilikuwa marufuku kisheria.

Serikali ilijibu kwa maelfu ya askari na kwa sheria ya 1812 iliyofanya kuvunja mashine kuwa kosa la kunyongwa. Lord Byron, mshairi, aliipinga bungeni, bila mafanikio. Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York. Na je, hesabu yao ilikuwa mbaya? Kwa taifa kwa muda mrefu, viwanda vilileta utajiri usio na mfano. Kwa wao na watoto wao, wanahistoria wa uchumi wanaonyesha kwamba uzalishaji ulipanda kwa miongo kadhaa huku mishahara halisi ikijikongoja nyuma. Kumwambia mtu kwamba wajukuu zake watafaidi ni kweli, lakini hakumlipii kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Hali hiyo ilijirudia California katika miaka ya 1960, safari hii bila kuvunja chochote. Watafiti wa chuo kikuu cha umma walibuni mashine ya kuvuna nyanya pamoja na aina ya nyanya ngumu inayostahimili kubanwa nayo. Mashine ilikuwa ghali, ya kumfaa mwenye eneo kubwa. Wakulima wa nyanya za viwandani, waliokuwa kama 4,000 mwanzoni mwa miaka hiyo, walibaki kama 600 ilipofika 1973, na maelfu ya wavunaji wakakosa kazi. Ukiwauliza wale 600, kipya kilikuwa kinyemi.

Upande wa kukubali nao hauna uadilifu kama tunavyopenda kudhani. Mara nyingi kitu hupita kwa sababu kimevaa nguo za kile kinachokiondoa. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, alikuwa amezika nyaya ardhini kama mabomba ya gesi, ingawa kuzipitisha juu ya nguzo kungekuwa nafuu, na taa zake zilitoa mwanga usiopishana sana na wa gesi iliyozoeleka. Alikuwa na uwezo wa kuwashangaza watu zaidi. Aliona heri asiwashtue.

Lifti inafundisha kitu kingine, habari ya imani na usukani. Mwaka 1854 Elisha Otis alipanda kwenye jukwaa la lifti mbele ya umati katika maonyesho ya New York, akaagiza kamba ikatwe, na breki yake ikalishika jukwaa. Watu wakaanza kuamini lifti, lakini kwa sharti la kuwa na mtu ndani anayeiendesha. Lifti za kujiendesha zilikuwapo miaka mingi kabla hazijazoeleka. Abiria waliingia, wakakuta hakuna mwendeshaji, wakatoka. Septemba 1945 waendeshaji wa New York waligoma, majengo yakakwama, na wenye majengo wakaanza kuangalia upya mitambo isiyogoma. Kilichowatuliza abiria hakikuwa maelezo ya kihandisi. Watengenezaji waliweka ndani simu ya kuombea msaada na kitufe kikubwa cha kusimamisha. Ni wachache wanaowahi kukibonyeza, lakini kipo, na mkono unajua kilipo. Wanaotengeneza magari yasiyo na dereva wanakabiliana na abiria huyohuyo.

Kisha kuna kukubali ambako si kukubali. Simu ya kwanza kabisa haikumfaa mtu yeyote mpaka ilipokuwapo ya pili. Ya milioni moja ilikuwa na manufaa makubwa kwa mwenye nayo kuliko ya kumi, bila fundi kuiboresha hata kidogo. Vitu vya aina hii huenda polepole, halafu ghafla vinafagia, na akibaki mtu nje anajikuta hana pa kusimama: fomu zimehamia mtandaoni, dirisha la huduma limefungwa, jamaa wote wanapashana habari kwenye kundi asilokuwemo. Akiingia kwa kukosa njia nyingine, takwimu zitamwandika kama mtumiaji mpya. Mkondo huohuo unaweza pia kuganda. August Dvorak alisajili mpangilio mpya wa herufi za mashine ya taipu mwaka 1936, akidai unachosha vidole kidogo kuliko ule uliozoeleka wa QWERTY. Ubora wake unabishaniwa hadi leo, lakini ubishi huo haukuwahi kuwa na maana sana, kwa sababu wapiga taipu walikuwa wameshajifunza QWERTY na waajiri walikuwa wameshanunua mashine zake.

Rogers mwenyewe aliwaonya wenzake kuhusu upendeleo uliojificha katika taaluma yao: kudhani kwamba kila kipya kinafaa, kienee haraka, na anayechelewa ndiye mwenye tatizo. Mwaka 1960 kampuni moja iliomba kibali cha kuuza thalidomide nchini Marekani. Dawa hiyo ilikuwa imeanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikawa inatumiwa na wajawazito kutuliza kichefuchefu. Frances Kelsey, mkaguzi aliyekuwa mgeni kazini katika mamlaka ya dawa, alisema ushahidi wa usalama hautoshi, akaomba mwingine. Kampuni ikaleta, akaomba tena. Alisumbuliwa kwa simu na ziara, akaonekana kikwazo cha kiofisi. Mwishoni mwa 1961 dawa ikaondolewa sokoni Ujerumani baada ya kugundulika kwamba inalemaza watoto tumboni. Duniani walioathirika wanakadiriwa kuzidi 10,000. Kwa miezi ile yote kabla ya habari kutoka, ukimweka Kelsey kando ya mzee anayekataa mashine mpya, kwa nje wasingetofautishika.

Mjadala wa sasa wa akili mnemba unapitia vituo hivihivi, ila watu wanaupeleka kana kwamba ni swali la kuipenda au kuiogopa. Mtu mmoja anaweza kuitumia asubuhi kufupisha ripoti na jioni akakataa isichambue maombi yake ya kazi, na hajajipinga: asubuhi usukani ulikuwa mkononi mwake. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kwa siku 148, na teknolojia hiyo ilikuwa miongoni mwa madai yao makuu. Mkataba waliotia saini haukuipiga marufuku. Ulisema mwandishi anaweza kuitumia kampuni ikiridhia, kampuni haiwezi kumlazimisha aitumie, ikimpa maandishi yaliyotokana na mashine lazima imwambie, na mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, wala maandishi yake hayatumiwi kumpunguzia mwandishi haki zake. Ulipangwa kudumu hadi tarehe 1 Mei 2026.